Wekundu Ule Si Moto

Bango lilikuwa limebandikwa kwenye ukuta wa mabati wa ofisi ya chifu, na upepo wa Bonde la Ufa ulikuwa ukilipiga hadi kijana mmoja akaambiwa asimame ashike pembe yake ya chini muda wote wa baraza. Lilionyesha ardhi iliyopasuliwa kama papai. Juu palikuwa na ganda jembamba la kijani, chini yake tabaka nene jekundu lililojikunja mfano wa mwavuli, na chini ya mwavuli manjano iliyofifia kuingia kwenye kijani, kisha buluu. Afisa aliyelileta alikuwa na fimbo ya mwanzi, na kila alipoigusisha kwenye ule wekundu watu walinyoosha shingo. Mzee mmoja aliyekuja na kigoda chake mwenyewe akaomba nafasi.

"Kijana wangu, huo wekundu ndio moto?"

"Ndio wenyewe, mzee. Mashine imeuona."

Watu wakapiga makofi.

Jibu lile halikuwa kweli, na aliyelitoa hakuwa mwongo. Alirudia tu alichokisoma magazetini na kukisikia kwenye hotuba za bajeti: kwamba vipimo vya jiofizikia vimefika mahali pa kuona mvuke chini ya volkano kama ultrasaundi inavyomwona mtoto tumboni. Ukishauona, kilichobaki ni kuchimba. Na kwa kuwa picha ina upana na kina, mtu anaweza hata kuhesabu megawati kabla lori la kwanza la mabomba halijafika. Imani hii utaikuta Nairobi, utaikuta Kigali, utaikuta Dodoma, na ndiyo ninayoipinga hapa, kwa sababu imeshatugharimu na bado inatugharimu. Picha ile haionyeshi mvuke. Haionyeshi hata joto. Wekundu ule ni udongo.

Kazi yenyewe naijua kidogo kwa kuwa niliwahi kuifanya kama kibarua, wiki tatu, nikibeba betri ya gari begani kupanda na kushuka mawe ya lava. Mnafika mahali, mnatafuta kaskazini kwa dira, mnanyoosha waya pande nne kama msalaba, kila mkono mita kadhaa. Kwenye kila ncha mnachimba shimo la kina cha kiwiko, mnamimina uji wa udongo na chumvi, mnazika ndani yake kichungu cha elektrodi ili kishikane vizuri na ardhi. Kisha mnazika koili, ambazo ni mabomba marefu kama miwa: moja limelala kuelekea kaskazini, moja mashariki, moja limesimama wima. Udongo lazima ushindiliwe, maana koili ikitikiswa hata na mizizi ya nyasi zinazopepea, usiku mzima umepotea. Halafu mnaondoka. Nilishangaa sana siku ya kwanza. Nilidhani tutawasha mtambo fulani utume kitu ardhini, kumbe hakuna kinachotumwa. Mashine inabaki pale ikisikiliza.

Inasikiliza radi. Bonde la Kongo ndilo linalopigwa radi kuliko sehemu nyingine yoyote ya Afrika, na kila radi hutoa mawimbi yanayokimbia kati ya ardhi na anga la juu, yakafika Nakuru na kuvuka hata bahari. Mawimbi ya polepole zaidi chanzo chake ni jua, pale upepo wake unapousukumasukuma usumaku wa dunia. Yote huzama ardhini, ya haraka kina kifupi na ya polepole kina kirefu, na mashine huandika namna ardhi inavyoyaitikia. Asubuhi mnarudi kuangalia kama fisi wametafuna waya. Upimaji huu unaitwa magnetotelluriki, na sina neno baya juu yake. Kupima tumbo la volkano ya Menengai kwa radi ya Kisangani ni werevu ambao hata leo nikiufikiria natikisa kichwa.

Lakini kinachopimwa ni kitu kimoja tu: umeme unapita hapa kwa urahisi au kwa taabu? Basi. Maji ya chumvi huupitisha. Grafiti huupitisha. Udongo wa mfinyanzi huupitisha vizuri mno. Mvuke wenyewe, huo tunaouimba, hauupitishi.

Sasa mfinyanzi umefikaje ndani ya mlima? Maji ya moto yakipenya kwenye majivu na lava kwa muda mrefu huyapika madini yake mpaka yakageuka mfinyanzi. Ule wa mwanzo, uitwao smektaiti, hutokea pale joto lilipo chini ya nyuzi 200 hivi. Joto likipanda kupita hapo, smektaiti haistahimili. Hugeuka polepole kuwa illaiti na kloraiti, ambazo umeme hupita kwa shida zaidi. Maana yake ni kwamba kwenye mlima ulio hai mwavuli mwekundu wa bango ni kifuniko cha sufuria. Mchuzi uko chini yake, kule rangi inakofifia. Watengenezaji wa programu za kompyuta walizoea kupaka nyekundu kila kinachopitisha umeme na buluu kila kinachoukataa, wakaacha hivyo. Wangeweza kutumia zambarau na kahawia. Ila ukimwekea nyekundu mtu yeyote mwenye jiko nyumbani, ataona moto, na maafisa wetu nao wana majiko.

Wamasai, kwa taarifa yenu, hawakukosea hivyo. Olkaria, eneo la jotoardhi la Kenya, ni jina la udongo mwekundu, ule wa kujipaka. Walifika kwenye kilima kinachofuka, wakaona miamba iliyopikwa na kulainika, wakachimba walichokihitaji na kukiita kwa jina lake.

Kuna ubaya mkubwa kuliko huo wa rangi. Mfinyanzi ukishapikwa, umepikwa. Volkano ikipoa, maji yakikata njia nyingine, mwamba ukiziba nyufa zake, ule mfinyanzi unabaki pale pale maelfu ya miaka, na magnetotelluriki itauchora mwekundu kama siku ulipozaliwa. Ukiingia nyumba ya watu ukakuta majivu mekoni, umejua kwamba hapa palipikwa. Hujajua kama ni leo asubuhi au kabla hujazaliwa. Na hata mafiga yakiwa bado ya moto, hujajua kama kuna chochote sufuriani.

Waganda walijifunza hili kwa bei nafuu. Katwe na Kibiro, upande wa magharibi mwa nchi yao, zilipimwa, na michoro ikaonyesha maeneo yanayopitisha umeme vizuri, ya kutia hamu kabisa. Kabla ya kukimbilia mtambo mkubwa, katikati ya miaka ya 2000 walichimba visima vyembamba vya mita 200 hadi 300 na kushusha vipimajoto. Katwe joto lilipanda nyuzi 30 hadi 36 tu kwa kila kilomita, yaani karibu sawa na ardhi ya kawaida popote duniani. Kibiro haikuwa bora. Wataalamu walisema ama hifadhi ya joto iko chini sana, ama iko pembeni ya pale palipochimbwa. Vyovyote iwavyo, sehemu iliyong'aa kwenye mchoro haikuwa sehemu yenye joto kisimani.

Rwanda ilijifunza jambo hilo kwa mita 3,015. Karisimbi, mita 4,507, ndio mlima mrefu kuliko yote ya Virunga, na kwa jirani wa Nyiragongo inayotapika lava ilikuwa rahisi kuamini kwamba chini yake kunachemka. Tafiti za juu ya ardhi zilifanyika zaidi ya mara moja, za miamba, za kemia ya maji na za magnetotelluriki, na kutokana nazo mahali pa kuchimba pakachaguliwa kwenye mteremko wa kusini. Mipango ya umeme ya wakati ule ilikuwa imeshaandika megawati 310 za jotoardhi kufikia 2017. Kisima cha kwanza, kile cha mita 3,015, kilichimbwa 2013, kikapita volkano kikaingia kwenye miamba migumu ya kale, kisifike kwenye hifadhi yoyote ya maji ya moto. Cha pili kikaishia kwenye mita 1,367. Hakuna mvuke uliotoka, na Rwanda haijapata hata megawati moja ya jotoardhi. Dalili ya mvua ni mawingu, sawa. Lakini mkulima mwenye akili hapandi mbegu zote kwa wingu moja, wala hatangazi mavuno redioni.

Wapo watakaosema Karisimbi ni bahati mbaya ya nchi ndogo iliyoanza juzi. Haya, twende Aislandi, kwa watu wanaoishi kwa jotoardhi na waliowafundisha wataalamu wengi wa Kenya kazi hii. Krafla ni miongoni mwa volkano zilizochunguzwa kuliko zote duniani. Ililipuka kwa vipindi kuanzia 1975 hadi 1984, ikapimwa kwa matetemeko, kwa umeme, kwa kila kifaa kilichokuwapo. Mwaka 2009 walianza kisima kilichokusudiwa kufika kina cha kilomita nne na nusu, wakiamini magma iko chini zaidi ya hapo. Kwenye mita 2,104 walijikuta ndani ya magma. Picha zote zile, na chungu cha mwamba ulioyeyuka kilikuwa kimejificha kwenye kilomita mbili za juu. Kisima hicho baadaye kilitoa mvuke wa zaidi ya nyuzi 450, maajabu yenyewe, ila ni maajabu ambayo hakuna bango lililoyatabiri. Hawaii nao waliifuma magma kwa mtindo huo huo 2005, kwenye mita 2,488. Na Menengai, ndani ya kasoko yetu wenyewe inayotazama mji wa Nakuru, ambako uchimbaji ulianza Februari 2011, baadhi ya visima vilirudisha juu vipande vya kioo kibichi kutoka kina cha kama mita 2,100, mabomba yakakwama, na wachimbaji wakajua wameparamia nini.

Sababu inaeleweka. Mfinyanzi unapenda umeme kiasi kwamba huyala mawimbi yanapopita. Kilichoko chini yake huonekana kama mtu aliyesimama nyuma ya pazia zito: unajua kuna kitu, hujui ni mtu mmoja au wawili. Halafu kuna suala la hesabu, ambalo wataalamu hulijua na huwa halifiki kwenye baraza. Mashine haileti picha. Inaleta orodha ya tarakimu, na kompyuta hupewa majibu ikaambiwa itafute swali. Ardhi za namna nyingi mno zinaweza kutoa tarakimu zile zile. Ili isipotee, kompyuta huamriwa ichague ardhi iliyo laini kuliko zote, isiyo na kona wala mikato. Ndiyo maana ule mwavuli ulikuwa na mikunjo ya kupendeza. Mlima halisi hauko hivyo. Umepasuka, umehama, umekatwa na nyufa zilizosimama wima, na ni nyufa hizo zinazobeba mvuke. Kisima cha nyuzi 300 kisichogusa ufa ni shimo la moto la mamilioni ya dola. Na ufa wa mita chache kwenye kina cha kilomita mbili hakuna magnetotelluriki itakayokuchorea.

Nimeshaambiwa, na watu ninaowaheshimu, kwamba ninapiga vita maneno tu. Afisa aliwarahisishia wananchi. Ofisini wataalamu wanajua ukweli. Ingekuwa hivyo ningenyamaza. Lakini ofisini ndiko namba zinakotoka. Tunaambiwa Kenya ina uwezo wa megawati 10,000 za jotoardhi na Tanzania 5,000, na namba hizo husomwa kana kwamba kuna mtu aliyezihesabu kwa kipimo kama magunia ya mahindi ghalani. Turbini ya kwanza ya Olkaria, ya megawati 15, ilianza 1981. Hadi 2024, baada ya zaidi ya miaka 40 ya kazi ya kupigiwa mfano barani Afrika, mitambo yote ya jotoardhi ya Kenya ilikuwa bado chini ya megawati 1,000. Zile 9,000 nyingine ziko kwenye mabango.

Hoja nyingine ni ya takwimu, na hii ina uzito. Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, lilikusanya habari za visima zaidi ya 2,600 duniani na kutoa ripoti 2013: visima 78 kati ya kila 100 vilifaulu. Basi si unaona vipimo vinafanya kazi? Tazama tena. Kwenye hatua ya utafutaji, pale ambapo mchimbaji bado hutegemea zaidi tafiti za juu ya ardhi, vilivyofaulu ni kama 59 kwa 100. Asilimia inapanda baadaye, wakati wachimbaji wana visima vya awali vya kuwaongoza: joto lililopimwa kwa kipimajoto, mawe yaliyotoka kwenye kina kinachojulikana, gesi iliyonuswa na maabara. Uchimbaji ndio uliofundisha kazi, na picha ikasahihishwa kwa kufuata uchimbaji.

Olkaria yenyewe ilianza hivyo. Visima viwili vya miaka ya 1950 havikuzaa kitu. Kazi iliporudiwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, kisima cha OW-1 kilifika karibu mita 1,000 na kukuta nyuzi 126, aibu tupu kwa eneo linalofuka mchana kweupe. Walisogea. OW-2 kikakuta zaidi ya nyuzi 240 kabla ya mita 1,000. Mlima ni ule ule, mvuke ule ule unaofuka juu. Tofauti ni mwendo wa lori.

Na kama picha zinaona mvuke, mfuko wa hatari za jotoardhi wa Afrika Mashariki unafanya nini? Kamisheni ya Umoja wa Afrika, Ujerumani na Umoja wa Ulaya waliuanzisha 2012. Hulipa hadi asilimia 80 ya tafiti za juu ya ardhi na hadi asilimia 40 ya uchimbaji wa visima vya kwanza. Benki haziingii hapo peke yake, kwa sababu kisima kimoja kirefu kinakula dola milioni 5 au zaidi na kinaweza kuwa kikavu. Hakuna anayekatia bima kitu anachokiona kwa macho. Wenye fedha wamesoma picha hizi vizuri kuliko magazeti yetu.

Sitaki nieleweke kama wale wengine, wanaosema vipimo ni ulaji wa posho na dawa ni kuteremsha mtambo na kuchimba popote panapofuka. Hao nimekutana nao, na huwa wana shemeji mwenye mtambo. Magnetotelluriki ikisomwa na mtu anayejua kwamba anasoma mfinyanzi ni kitu kikubwa: inaonyesha kifuniko kinapojiinua kama kuba, yaani joto huenda lilipanda pale, inaonyesha pembe za eneo, inakuzuia kuchimba kwenye mteremko usio na chochote. Ukiiweka pamoja na gesi za matundu ya mvuke, ambazo hubeba habari za joto la chini la sasa, na matetemeko madogo madogo, ambayo huonyesha mahali mwamba unapopasuka leo, unaanza kupata ushahidi wa leo juu ya kumbukumbu ya jana. Karisimbi haikuwa na matundu ya mvuke kileleni wala ubavuni. Kimya kile nacho kilikuwa kipimo, na kilikuwa cha bure.

Volkano ya Ngozi, kule Mbeya, Tanzania, imepimwa na kupimwa tena tangu miaka ya 2000, na kila ripoti ina michoro mizuri kuliko iliyotangulia. Mchoro wa tano hautasema kitu ambacho wa nne haukusema. Ninachoomba kwa Ngozi, na kwa Silali ya Kenya, na kwa kila mlima utakaofuata, ni visima vyembamba vingi, vya bei ndogo, vichimbwe mapema na kwa moyo wa kukubali aibu, na matokeo yake yatangazwe hata yakiwa mabaya, hasa yakiwa mabaya. Uganda ilifanya hivyo na hakuna aliyekufa kwa aibu. Na ninaomba rangi zibadilishwe. Sitanii. Mwambieni mtu wa programu aupake mfinyanzi rangi ya mfinyanzi.

Nirudi kwa yule mzee, kwa sababu sikumaliza habari yake. Makofi yalipotulia hakukaa. Alijongea mpaka karibu na bango, akaweka kidole chini kabisa ya mwavuli, pale manjano inapoingia kwenye kijani na kijani kwenye buluu.

"Na hapa, kijana wangu?"

"Hapo, mzee, hakuna kitu. Hapo ni baridi."

Yule kijana aliyeshika pembe akaachilia, na bango likajikunja lenyewe kutoka chini kwenda juu.